Shata 6,214 au shata 71,380: kisa cha kamera mbili za aina moja, Lindi na Mtwara

Mwalimu aliileta kamera ikiwa imeviringishwa kwenye kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Akaiweka juu ya meza ya sebuleni, akafunua kitambaa pembe moja baada ya nyingine, polepole, kama anayemfunua mtoto aliyelala. Ilikuwa Nikon D90 na lenzi yake ya 18-105mm. Rangi nyeusi haijachubuka hata kwenye pembe. Maandishi ya vitufe yote yanasomeka. Kifuniko cha plastiki cha kioo cha nyuma kipo, hakina mkwaruzo hata mmoja. Binti wa dada yangu aliniminya mkono chini ya meza. Moyoni alikuwa ameshainunua.

Mimi nilikuwa nimesikia harufu. Kitambaa kilinukia sabuni, lakini mkoba wa ngozi ambamo kamera ilitolewa ulikuwa na ile harufu ya kabati la nguo la nyumba iliyo karibu na bahari, kabati linalofunguliwa Idi hadi Idi. Mtu wa pwani haambiwi harufu hiyo ni ya nini.

Naandika kisa hiki chote pamoja na namba zake kwa sababu vijana wa hapa Mtwara wanaotaka kuanza kazi ya picha huniuliza swali lilelile: "Hiyo kamera imepiga shata ngapi?" Yaani lile pazia dogo la ndani, linalofunguka na kufunga kila picha inapopigwa, limefunguka mara ngapi. Wakisikia namba ndogo wanatoa hela. Wakisikia kubwa wanaondoka. Mpwa wangu naye alikuwa hivyo hivyo, na ilibaki kidogo tu limgharimu fedha aliyoingoja mwaka mzima.

Ana steshenari ndogo karibu na Hospitali ya Ligula. Anatoa kopi, anapaka vyeti plastiki, anapiga picha za paspoti kwa simu. Wateja wale wale wa paspoti wakaanza kumwomba aje kwenye harusi, kwenye mahafali, kwenye sherehe za kumtoa mwali. "Mjomba," aliniambia, "mchana simu inanitosha. Usiku ukumbini inanitia aibu." Kwetu huku mpwa akikuletea jambo humjibu "tutaona". Ni lako. Hiyo ilikuwa Februari 2023, fedha za korosho za mama yake zilikuwa zimeshaingia baada ya minada, na fungu alilopewa lilikuwa Sh 600,000. Baada ya hapo hakuna nyingine mpaka msimu unaofuata.

Kwa fedha hiyo kamera mpya ya kazi haipatikani, kwa hiyo tuliongea moja kwa moja kuhusu za zamani. Niliipendekeza D90 nikijua ninachosema. Ilitangazwa Agosti 2008, ina megapikseli 12.3, na picha yake ina upana wa pikseli 4,288 kwa 2,848. Ukiichapa kwa ubora wa albamu, yaani nukta 300 kwa inchi, unapata karatasi ya sentimita 36 kwa 24, ambayo ni kubwa kuliko A4. Nani kati ya wateja wake anataka picha kubwa kuliko A4? Wawili kwa mwaka labda. Halafu D90 ina mota ya fokasi, ya kulenga picha itoke kali, ndani ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kitu ambacho wadogo zake kama D40, D60, D3000 na D5000 hawana. Kwa hiyo inaendesha lenzi za zamani za bei nafuu, kama 50mm f/1.8D, ambazo kwenye hizo nyingine hazivuti fokasi zenyewe. Kwa mtu asiye na fedha ya kurudia manunuzi, hilo ni jambo kubwa.

Kasoro zake nazo nilimwambia mapema. Video ni ya 720 tu, kila kipande kinakatika baada ya dakika tano, na ukishaanza kurekodi fokasi haijirekebishi yenyewe. "Mteja akitaka video mwambie ukweli, au tumia simu." Alikubali. Alikuwa anataka picha.

Habari za mwalimu wa Lindi zilitufikia kwa jirani yake. Mwalimu mstaafu, mwanawe aliyekuwa akisoma Marekani alimletea kamera mwaka 2010, kaitumia kidogo, sasa anaiuza Sh 450,000. Nilipompigia simu kumsalimu na kumuuliza kama inawaka, akasema haijawashwa siku nyingi, betri haipokei chaji. Hapo ndipo kisa kikapata mguu wa pili, maana tusingeweza kwenda Lindi kukagua kamera isiyowaka. Nilimfuata mpiga picha mmoja wa pale Chikongola ambaye nilijua ana D90, nikamwomba atuazime betri kwa siku moja. Akacheka. "Kaka, azima tu. Lakini mbona na mimi nauza hii yangu? Chuma hiki kimenilisha miaka saba, nahamia kwenye mpya."

Akaitoa. Jamani, ilikuwa imechoka kwa macho. Mpira wa pale vidole vinaposhika umeng'aa kama kiti cha daladala. Pembe ya chini imechubuka hadi plastiki inaonekana. Mkanda umefungwa fundo mahali ulipokatika. Juu yake lenzi ya 50mm f/1.8D. Bei Sh 380,000 pamoja na betri mbili na chaja. Mpwa wangu aliishika kwa adabu, akabonyeza, na kamera ikakataa. Kwenye kijidirisha cha juu yakawa yanawaka na kuzima maandishi haya: fEE. Akanitazama. Nikaona kabisa kwamba kwake hiyo kamera imekufa, na kwamba ameshukuru Mungu kwa kuijua mapema.

Maandishi hayo yamewakosesha watu wengi kamera nzima, kwa hiyo nitayaeleza. Lenzi za Nikon za aina ya D zina pete ya kuzungusha ya kuchagulia tundu, yaani uwazi wa kupitishia mwanga (namba ndogo, tundu kubwa), desturi ya tangu enzi za filamu. Kwenye bodi ya kidijitali kama D90 tundu linaamuliwa na bodi yenyewe, na ili iliamue, pete lazima ikae kwenye namba kubwa kuliko zote. Kwa 50mm hii namba ni 22, iliyoandikwa kwa rangi ya machungwa, na pembeni kuna kijifungio cha kuizuia isisogee. Ikisogea, hata kidogo, kamera inaandika fEE na shata haifunguki. Mwenye kamera alinyoosha mkono, akazungusha pete mpaka ikasema "tik", akamrudishia. Mpwa akabonyeza tena. Mota ikalia zzzt, picha ikatoka. Angeweza kukutana na kamera hiyo mikononi mwa mtu asiyeijua, akauziwa kama vyuma chakavu, au akaikimbia kama alivyotaka kuikimbia.

Tuliomba faili moja iliyotoka kamera ile moja kwa moja kwenye kadi, si iliyotumwa kwa WhatsApp. Nikon huandika ndani ya kila picha namba ya shata ilipofikia, pamoja na namba ya bodi. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida maelezo hayo yanafutika, na ukiipitisha kwenye programu ya kuhariri huenda yakapotea. Kwa faili safi programu ya bure kama ExifTool inakusomea kila kitu kwenye kompyuta. (Canon nyingi haziandiki hesabu hiyo kwenye picha, ndiyo maana kwa Canon sharti uunganishe kamera yenyewe na kompyuta.) Ikasoma 71,380. Shata ya D90 ilijaribiwa kiwandani kwa mizunguko 100,000. Mpwa wangu akafanya hesabu kichwani, akanyamaza, akaweka betri ya kuazima kwenye pochi. Kesho yake alfajiri tukapanda basi la Lindi, kilomita kama mia moja na kidogo, yeye akiwa na kompyuta ya steshenari mapajani.

Sasa turudi mezani kwa mwalimu.

Nilipochomeka betri, kabla ya jambo lolote, kwenye kijidirisha cha juu likawaka na kuzima neno CLOCK. Ndani ya D90 kuna kibetri kidogo cha saa, kinachojazwa na betri kubwa inapokuwa ndani. Kikijaa kinaiendesha saa kama miezi mitatu. CLOCK ikiwaka, kibetri kimekwisha na tarehe imepotea. Si ubovu, ukiseti tarehe inaondoka. Lakini ni ushahidi kwamba kamera imelala muda mrefu bila umeme, na kama imelala Lindi, mita chache kutoka baharini, swali linalofuata ni imelala ndani ya nini.

Nilitoa lenzi, nikafungua tundu lote kwa kusukuma kile kijimkono kidogo cha chuma kilicho nyuma, nikamulika kwa tochi ya simu kutoka upande wa pili huku nikiitazama kwa mshazari. Ukiangalia lenzi wima huoni kitu, lazima uinamishe mpaka mwanga uteleze juu ya vioo. Vumbi lilikuwepo kidogo. Vumbi halinisumbui, kila lenzi ya zumu inayo. Lakini kwenye kioo cha katikati, mahali ambapo kidole wala kitambaa hakifiki bila kuipasua lenzi yote, kulikuwa na nyuzi nyeupe zilizotawanyika kutoka kwenye kitovu kimoja, kama mizizi ya mche. Fangasi. Pembeni yake kitovu cha pili, kidogo.

Nikampa mpwa tochi aone mwenyewe. Akaiona mara ya tatu.

Tukaendelea. Nikafunga lenzi, tukapiga picha ya dirisha lililo wazi, mwanga wa nje ukija machoni. Ilitoka kama iliyopigwa kupitia kioo cha basi alfajiri: nyeusi si nyeusi, ni majivu. Kisha tukatoka barazani. Februari mawingu ni mengi, anga la kijivu lisilo na alama ndilo linalofaa kwa jaribio la sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha badala ya filamu. Unaweka tundu f/22, unaiharibu fokasi makusudi, unapiga anga, unaikuza picha na kuitembelea kona kwa kona. Kwenye kamera ya Chikongola tulifanya hivyo hivyo jana yake, tukaona madoa sita ya duara. Tukapuliza kwa pampu ya mpira, likabaki moja. Hapa madoa yalikuwa tofauti. Mawili yalikuwa na vimikia, yaani hayakuwa duara bali kama maua ya mche ule ule wa kwenye lenzi. Tulipuliza, tukawasha kile kitetemeshi cha kusafisha sensa, tukapiga tena. Vimikia viko palepale. Maana yake ukungu umeshika kioo chembamba kilicho mbele ya sensa, na hicho hakisafishwi sebuleni.

Mahali pa kuchomekea flashi, vile viguso vya chuma vilikuwa na kijani, kijani kile cha sarafu iliyookotwa ufukweni. Ndani ya mlango wa betri, mguso mmoja vivyo hivyo.

Namba ya shata? 6,214.

Mpwa wangu alipoisoma kwenye kompyuta aliinua uso kwa furaha, hata baada ya kuona yote hayo. Ndivyo namba hii ilivyo na nguvu. Kilichombadilisha ni kadi. Ndani ya kamera mlikuwa na kadi ya zamani ya 2GB yenye picha za familia, na kwa ruhusa ya mwalimu tulizifungua. Picha ya mwisho ya zamani ilikuwa ya Desemba 2011: marehemu mkewe ameketi barazani palepale tulipokuwa, amevaa khanga, nyuma yake bahari. Imekaa vizuri, kali hadi nyuzi za khanga. Namba ya shata ndani yake: 6,170. Lenzi ile ile, bodi ile ile. Tangu siku hiyo mpaka tunakaa pale, pamoja na majaribio yetu, shata ilifunguka mara 44. Kamera haikuharibiwa na kazi hata kidogo. Iliharibika ikiwa imepumzika.

Nilisema, "Mwalimu, naomba nikuonyeshe kitu," nikamshikisha lenzi na tochi. Aliinamisha, akainua, akainamisha tena. Alipoona alikaa kimya kwa muda. "Kumbe mimi nimekuwa nikiificha ili isiharibike," alisema.

Sikuwa na la kujibu. Alifanya kile ambacho kila mtu mwangalifu angefanya: mkoba wa ngozi, kitambaa, kabati, giza. Lakini fangasi anataka hivyo hivyo. Hewa yenye unyevu kupita asilimia sitini, sabini, mahali penye giza na pasipopita upepo, na chakula kidogo tu cha vumbi au mafuta ya vidole. Ngozi ya mkoba inanyonya unyevu wa masika na kuushika mpaka kiangazi. Fangasi akishaota, anatoa tindikali inayokula utando wa kioo, na hapo hata fundi akikisafisha kioo, alama inabaki. Jua laweza kumdhoofisha, halirudishi kioo kilicholiwa. Kamera ya yule wa Chikongola ilikuwa ikitoka kila Ijumaa na Jumamosi, inapigwa upepo, inapigwa mwanga, inafutwa jasho usiku. Kwa miaka saba hakuna ukungu uliopata nafasi ya kutulia juu yake.

Hili ndilo ninalolishikilia katika kisa hiki, na najua wapo wenzangu wasiokubali. Hesabu ya shata inapima uchakavu wa kipuri kimoja. Kioo, viguso, mpira, grisi ya ndani na betri havijui shata ni nini. Vinazeeka kwa kalenda na kwa hali ya hewa. Mtu anayenunua Ulaya, kwenye nyumba kavu, anaweza kuanza na namba ya shata. Sisi tulio kati ya Mikindani na Kilwa tuanze na tochi.

Mwalimu akashusha bei mwenyewe, bila kuombwa. "Mchukulie binti huyu kwa laki mbili na themanini, kijana wangu." Nilimwona mpwa anahesabu. Na hapa msomaji makini ataniuliza: kwa nini tusinunue bodi ya mwalimu yenye shata changa, tukatafuta lenzi nyingine? Tulilijadili nje, chini ya mwembe, kwa penseli.

Sh 280,000 za mwalimu. Lenzi ya zumu iliyotumika lakini safi, Mtwara tuliambiwa Sh 180,000. Betri mpya isiyo ya Nikon, Sh 45,000. Tayari Sh 505,000, na bado kioo cha sensa hakijasafishwa. Fundi wa kazi hiyo tunayemwamini yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550, kwa hiyo nauli, kulala, malipo yake, na steshenari kufungwa siku tatu nne. Na baada ya yote hayo kile kijani kwenye viguso kinabaki kuwa fumbo: hatujui kimefika wapi ndani, ambako hatuoni. Bodi yenye shata changa ingekuwa bodi ambayo siku ya harusi flashi inawaka ikitaka.

Kwa upande wa pili, yule wa Chikongola kama angeshuka hadi Sh 350,000, zingebaki Sh 250,000 mkononi. Shata zilizosalia mpaka laki moja ni 28,620. Tukakadiria picha 1,200 kwa mwezi, inakuja karibu miezi 24. Tuseme shata inakufa siku ileile inayotimiza laki, ingawa laki moja ni kipimo cha majaribio wala si tarehe ya kifo, maana zipo zinazokufa kabla na zipo zinazovuka mbali. Hata hivyo kamera itakuwa imemgharimu chini ya Sh 15,000 kwa mwezi, misimu miwili ya harusi. "Hiyo ni harusi moja tu kwa mwezi, tena robo yake," alisema mpwa wangu, na kuanzia pale sikumshawishi tena. Alikuwa ameamua mwenyewe.

Alimuaga mwalimu vizuri. Aliomba anakili picha za ile kadi, kwa sababu kadi za umri huo hazina dhamana, akampigia magoti kidogo na kuahidi kurudi.

Ununuzi wenyewe Mtwara ulichukua nusu saa. Bei ilifika Sh 350,000. Nilisisitiza tuandikiane mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na muuzaji hakuona vibaya. Namba iliyo chini ya bodi tuliilinganisha na namba iliyoandikwa ndani ya picha zake za harusi za miaka mitatu nyuma, zikawa moja. Kwangu huo ni ushahidi mzuri kuliko risiti, maana risiti wengi wameshapoteza: aliyeiba kamera wiki iliyopita hana picha za miaka mitatu zilizopigwa na kamera hiyo. Hati ikaandikwa namba ya bodi na namba ya lenzi, siyo "kamera moja nyeusi".

Tuliyokosea ni matatu, na yote ni yangu zaidi kuliko yake.

La kwanza ni dogo. Alinunua kadi ya 64GB, kamera ikaikataa. D90 imetengenezwa kwa kadi za SD na SDHC, na SDHC mwisho wake ni 32GB. Nilijua, sikusema. Kadi sasa iko kwenye simu yake.

La pili liliuma. Kwenye menyu ya D90 kuna sehemu inayoonyesha umri wa betri, kuanzia 0 ikiwa mpya hadi 4 ikiwa imechoka kabisa. Niliangalia betri iliyokuwa ndani, ikasoma 3. Ile ya pili, ambayo tulikuwa tumeizungusha hadi Lindi na kurudi, sikuiangalia kwa sababu ilikuwa imetufanyia kazi siku nzima. Ilikuwa 4. Aprili alivuka kwa kivuko kwenda Msanga Mkuu kwenye harusi, betri ya kwanza ikaisha wakati wa chakula, ya pili ikatoa picha kama thelathini na kuzimika kabla bibi harusi hajatolewa. Alimalizia kwa simu. Familia ile walimlipa nusu, na hakubisha. Wiki hiyo hiyo alinunua betri mbili mpya.

La tatu ni la lenzi. Sensa ya D90 ni ndogo kuliko fremu ya filamu, kwa hiyo 50mm inaona kama 75mm. Ni nzuri ajabu kwa sura ya mtu, nyuma inayeyuka, na tundu la f/1.8 linaokoa usiku. Lakini jaribu kumweka mwali, kungwi, mama na mashangazi sita katika chumba cha futi kumi. Alikuwa akipiga akiwa amesimama nje ya mlango, watu wakipita katikati. Ningemwambia tangu siku ya kwanza atenge sehemu ya zile Sh 250,000 kwa 18-55mm iliyotumika. Aliinunua Juni, baada ya kuimulika kwa tochi dakika kumi nzima mpaka muuzaji akauliza kama anatafuta dhahabu.

Kamera inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na zile punje za kunyonya unyevu zinazobadilika rangi zikishiba maji. Zikibadilika anazikausha kwenye kikaango juu ya moto mdogo, anazirudisha. Si mchele, tafadhali. Mchele una unga wake na wadudu wake, na vyote vinaingia kwenye lenzi. Mkoba ni wa kubebea tu, akifika nyumbani anautundika mtupu. Novemba shata ilikuwa imefika 80,942 na haijawahi kukwama.

Lindi alirudi Agosti, nikiwa naye. Alimpelekea mwalimu ile picha ya marehemu mkewe ikiwa imechapwa A4. Ile betri iliyosoma 3 alikuwa ameshamtumia mapema, aliponunua zile mpya, na kwa mtu anayepiga picha kumi kwa wiki bado inatosha. Mwalimu hakuiuza kamera. Imekaa juu ya rafu karibu na dirisha, bila mkoba, lenzi ikitazama mwanga, na anawapiga wajukuu wakija Jumapili. Picha zake zina ule ukungu wa kijivu, na hana habari nao. Neno CLOCK haliwaki. Kabla hatujaondoka mpwa wangu alichomeka kadi kwenye kompyuta, akasoma: 6,391.